Mgeni wa Bi Fatimah

Nasima alikuwa na mkono wa kulisha. Katika makao ya wazee ya Fridley, huko ughaibuni alikofanya kazi, mzee akifunga mdomo, wahudumu wenzake hawakubishana naye, walimwita Nasima. Amelisha jaji mstaafu, amelisha bibi aliyewatemea uji watu wote isipokuwa yeye, amelisha na bwana mmoja mwenye sifa ya kung'ata, na vidole vyake vyote anavyo hadi leo. Wahudumu wapya walipelekwa kwake wakajifunze: glavu mikononi, kiti usawa wa macho ya mzee, kijiko kidogo, subira kubwa. Na sheria ya mwisho, aliyoisisitiza kuliko zote: mhudumu hali chakula mbele ya mzee. Kazi ni kazi.

Dunia haikosi ucheshi. Mtu huyo ndiye aliyepewa mama asiyekubali kulishwa.

Mama huyo, Bi Fatimah, alikuwa makao mengine, kule Roseville. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfikisha karibu na mwisho wa njia. Majina ya watoto yalitangulia kuondoka, yakafuata maneno, kisha miguu. Aliyebaki ni mama mwenye umbo dogo kwenye kiti cha magurudumu, mtandio umekaa vizuri kichwani, macho yakimfuata kila apitaye. Sasa chakula nacho kilikuwa kinaaga. Kijiko kikimkaribia, midomo ilifungwa kama benki siku ya Jumapili.

Mkutano wa familia ukaitishwa Alhamisi, saa nane mchana. Daktari alikwisha kudokeza: kama hakuna mabadiliko, waache kumsumbua kwa vijiko, wawe wanamlowanisha midomo tu, apumzike. Nasima aliyajua maneno hayo. Amewaambia watoto wa watu wengine mara nyingi, kwa sauti laini aliyofundishwa kazini. Hakujua kwamba sauti ile, ukielekezewa wewe, inakwaruza.

Kilichobaki ni chakula cha mchana cha siku hiyohiyo. Tangu alfajiri alikuwa jikoni anaponda bokoboko, ngano na kuku, mpaka likalainika kama malai, na samli juu. Ni chakula cha arusi na cha Idi, na kwa bahati njema hata koo lililochoka hukipokea. Akalitia kwenye hotipoti, akaifunga kwa leso, akaiweka kiti cha mbele cha gari na kuivutia mkanda. Kama alijifunga mwenyewe, hakumbuki. Barabara ilikuwa barafu tupu na yeye aliendesha kama bwana arusi aliyechelewa nikaha, akiimba nyimbo za kumtoa mwari, akijua kabisa kwamba hana sababu yoyote ya kitaalamu ya kuimba.

Hussni, mdogo wake, alimngoja kwenye ukumbi wa kulia chakula kule Roseville, simu mkononi. Ndani ya simu ilikuwamo Mombasa nzima, au angalau Kibokoni yote: mama mdogo, mabinamu, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akabaki. Kwao usiku ulikwisha kuingia na hakuna aliyefikiria kulala. Hussni aliwatangazia kama mpira wa fainali.

Muuguzi wa zamu, Lynette, mtu wa Nakuru, alichota bokoboko kwa kijiko, akatazama linavyodondoka, lisije likampalia mama, akaridhika.

"Iko sawa, Mama Shee," akamwambia, kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Lakini usim-force."

Glavu. Kiti. Kijiko kidogo. Subira kubwa.

Midomo ikafungwa. Nasima akajaribu upande wa pili, akagusa mdomo wa chini kwa ncha ya kijiko, akaomba, akangoja. Hussni aliitangazia Kibokoni kwamba timu inashambulia lakini golikipa ni mkali.

Hapo ndipo alipotokea Orville.

Orville alikuwa mkulima wa zamani wa mahindi, ukoo wake umetoka Norwe, akili yake nayo imeshaanza kutangatanga. Pale ukumbini alijulikana kwa kosa moja: alikula kwenye sahani za wenzake. Kwa hiyo walimkalisha pembeni, mgongo kwa watu. Siku hiyo mhudumu wa kumchunga alikuwa anaangalia simu ya Hussni, na harufu ya samli haihitaji ramani. Mzee akaja na kigari chake cha kutembelea, akavuta kiti, akatoa kijiko, akakizamisha kwenye bakuli la Bi Fatimah.

Nasima alinyoosha mkono amzuie. Mkono wa mama ukamtangulia.

Mkono huo ulikuwa umelala mapajani kwa wiki nyingi kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Ukainuka, na kwa mgongo wa vidole ukasukuma bakuli kumwelekea Orville, polepole, vile ulivyowasogezea sahani wageni wote waliowahi kukaa kwenye mkeka wake.

Orville akala. Akasema ni uji wa mamake kabisa, ila huu ni mtamu zaidi, na akaomba mamake asiambiwe. Bi Fatimah alimtazama mpaka akameza. Kisha akamgeukia Nasima na kufungua mdomo.

Nasima, bingwa wa Fridley, akasahau kinachofuata.

"Kijiko, Mama Shee," Lynette akamnong'oneza.

Kijiko kikaingia. Koo likapanda, likashuka. Kibokoni ikalipuka vigelegele ndani ya simu, na wazee wa ukumbini wakapiga makofi bila kuuliza sababu. Vigelegele vilipotulia, mama mdogo alitaka kujua ni nani huyo mzungu anayekula na dada yake.

Kijiko cha pili kikakuta mlango umefungwa. Mama alimtazama Nasima, na bakuli likasogezwa tena, safari hii mbele yake yeye.

"Mama, mimi sili," Nasima akasema. "Niko kazini."

Hussni akaishusha simu.

"Uko kazini, Dada?"

Nasima akaitazama mikono yake. Glavu za buluu. Kwa miezi yote alikuwa akija hivi, mara nyingi moja kwa moja kutoka shifti, ameshakula mkate garini, akikaa mbele ya mwanamke aliyelelewa akijua kwamba kula huku mgeni anakutazama na kinywa kikavu ni aibu ya ukoo mzima. Majina yalimtoka Bi Fatimah, watoto walimtoka, Mombasa yenyewe ilimtoka. Adabu ilibaki. Au ndivyo Nasima alivyoamini. Daktari baadaye alisema "huenda", neno ambalo madaktari wamelisomea miaka mingi.

Akavua glavu, akapiga bismillahi, akala kwa mkono. Mama akafungua. Hussni akala, mama akafungua. Zamu ikamfikia Lynette, ambaye kazini alikuwako kweli. Akageukia dirishani kama mtu anayekagua theluji, akameza tonge lake, akarudi na uso wa serikali. Orville aliongezwa mara mbili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Hussni akasema.

Hakupona. Ila alimeza.

Saa nane Nasima aliingia mkutanoni na samli kidevuni, akaeleza kwa kasi kubwa hata daktari akamwomba aanze upya, na kwa Kiingereza. Wakakubaliana kumlisha maadamu anafungua. Siku atakayofunga hata mbele ya wageni, wamwache. Nasima alikubali, na sauti laini hakuitumia. Lynette naye alidai mabakuli mawili kwenye sinia moja, kwani Orville ana kikohozi.

Tangu hapo mizani ya Bi Fatimah imeacha kushuka. Ya Nasima imeanza kupanda. Orville huja na kijiko mfukoni mwa shati, kama kalamu.

Juzi theluji ilimnasa Nasima nyuma ya katapila la kusafisha barabara. Akampigia Lynette simu, wamwanzishie mama chakula pamoja na Orville.

"Orville ameanza kitambo," Lynette akamjibu. "Mama amekula kidogo, sasa amefunga. Bakuli amelisukuma mbele ya kiti chako."

Nasima, ambaye siku hizi hagusi chakula tangu asubuhi kwa makusudi, ili aje ale na mama, akasema anakuja. Katapila halikuwa na haraka. Akaanza kuimba.