Nilinunua filter ya kuzima mng'ao, kwaya ikasugua bati kwa mchanga

Wakuu, salamu kwenu, wenye drone na wenye kuinua shingo tu zikipita.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, na nimeyahesabu mara mbili kabla ya kuyaleta. Kiswahili changu ni cha Fizi, Kongo, mnivumilie.

Nina drone ndogo ya mkono wa pili, betri tatu, mabawa manne. Kila asubuhi nahesabu mabawa kwanza, halafu nahesabu tena. Watu wanacheka. Wacheke, bado ni manne.

Kwaya yetu ina waimbaji ishirini na wanne, na sauti ya kwanza ni Mama Riziki, fundi cherehani. Majuzi jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nje: anasafiri Kanada na familia, Alhamisi. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya kwaya kuwa nzima.

Akanijia na ombi moja.

"Papa Drone, nataka clip. Kwaya yangu mbele, nyumba yangu nyuma, tuonekane toka juu. Ile bati nilishona uniforme miaka mingapi juu ya kuinunua? Niende nayo hata kwa simu."

Nikafuata ruhusa ya kurusha, nikapewa asubuhi moja. Saa mbili mpaka saa tano, basi. Hakuna kurudia.

Kabla ya siku hiyo, kwenye mazoezi, nikapanda ngazi na drone mkononi bila kurusha, nikajaribu kamera tupu. Wakuu, aibu. Jua letu mnalijua. Shutter inakimbia mpaka watu wanaocheza wanaonekana kama kuku wanaodonoa. Na bati la Mama Riziki? Kipande cheupe tupu, kama mtu amemwaga unga wa mihogo kwenye lens.

Nikapanda minibus mpaka Lilongwe, Area 18, kwa jamaa mmoja wa Bukavu anayepiga picha za harusi na kuuza vifaa sebuleni kwake. Mtu wa Bukavu akikuuzia kitu, anakuuzia na Kifaransa humo humo.

"Papa, angalia hii pochette, kamfuko yenye filtre zote. ND nane, ND kumi na sita, ND thelathini na mbili, na polarisant moja. ND ni lunettes de soleil, miwani ya jua ya drone, inapunguza mwanga ili shutter itulie. Polarisant njo inaondoa mng'ao."

"Mng'ao wote?"

"Wote."

"Wote wote?"

"We papa, uko nakunywa maswali?"

Nikamwambia nitajaribu kwanza. Nikaishika polarisant mbele ya jicho, nikaangalia kioo cha dirisha, nikaizungusha taratibu: mng'ao ukafa, nikaona mpaka mke wake akisonga nsima ndani. Nikamuomba beseni la maji. Nikazungusha tena: maji yakawa kama hayapo, nikaona ufa chini ya beseni. Nikamwonyesha ule ufa, nikaufanya sababu ya kupunguziwa bei.

"Ufa iko kwa beseni, haiko kwa filtre!"

Akapunguza hata hivyo. Nikaondoka nimevimba kifua. Dirisha mara mbili, beseni mara mbili. Nani atanidanganya?

Hamjaona nilichosahau kujaribu? Endeleeni.

Jumamosi nafika kwa Mama Riziki, saa mbili kamili, nakuta mama watano wanashuka kwenye ngazi na vitambaa mkononi, jasho linatiririka, meno yote nje.

"Papa Drone, tulisugua bati tangu jana! Mchanga na majivu! Clip ya mwisho, nyumba iwe chafu? Hapana!"

Wakuu, lile bati lilikuwa linawaka. Ukitaka kujinyolea ndevu pale, haya.

Nikasema hakuna shida, nina polarisant. Nikaifunga kwenye kamera, nikarusha. Kwenye skrini majani ya migomba yakawa kijani cha kweli, mbingu ikakolea, ndoo ya maji uani ikaonekana mpaka chini.

Bati? Moto ule ule.

Nikashusha, nikazungusha robo, nikarusha. Moto. Nikazungusha robo nyingine. Moto na dharau.

Nikampigia yule wa Bukavu.

"Ulisema wote!"

"Bati ya rangi ama bati tupu?"

"Bati tupu, tena imesuguliwa na kwaya nzima!"

Akaguna. Halafu: "Papa, polarisant inashinda maji, kioo, majani, rangi. Chuma tupu haishindi. Ulijaribu dirisha, ulijaribu beseni. Bati hukuniuliza." Akakata simu akicheka.

Betri ya kwanza imeisha. Nikaweka ND kumi na sita. Uchezaji ukatulia vizuri sana, shutter moja kwa hamsini, fremu ishirini na tano, laini kama mafuta ya mawese. Lakini ND inatia kivuli kila kitu sawasawa, haichagui bati. Watu wakawa weusi, bati likabaki jeupe. Saa nne na nusu. Betri mbili nimetumia, moja imebaki.

Mama Riziki akaja kuangalia skrini. Akagusa pale peupe na kidole, kama anatafuta nyumba yake ndani.

Nikauliza, kwa kukata tamaa, kama kuna turubai.

Mama Neema, mtunza sanduku la kwaya, akasema: "Turubai ya nini? Vitenge iko!" Sanduku lina vitenge vya akiba, vya machungwa na buluu. Mama Riziki akashtuka: "Bati yangu ikifunikwa, bantu ya kule watasema nalala chini ya vitambaa!"

Nikazunguka nyumba. Upande wa pili wa paa haukuelekea jua, bati lilionekana vizuri, mistari yote. Basi tukafunika upande wa jua tu, na vipande vya matofali juu visipeperuke. Nikahesabu vikipanda: ishirini na vinne. Nikahesabu tena: ishirini na vinne.

ND kumi na sita, betri ya mwisho, kwaya ikaanza.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Nusu ya paa vitenge, nusu bati linalong'aa kwa adabu, na chini kwaya nzima imevaa rangi zile zile, wanageuka pamoja na Mama Riziki katikati. Nilikuwa nacheka peke yangu na rimoti mkononi kama kichaa. Betri imefika asilimia kumi na mbili ndipo nikashusha.

Vitenge vikashuka. Nikahesabu: ishirini na vitatu. Nikahesabu tena: ishirini na vitatu.

Mama Neema akanikazia macho. "Papa Drone, mashine yako imekula kitenge?" Tukatafuta juu ya paa, nyuma ya choo, kwa jirani. Mama Riziki naye alitafuta, kwa bidii kushinda wote.

Nilichojifunza: ND ni kwa mwendo laini. Polarisant ni kwa maji, majani na kioo, na uizungushe ukiwa chini, maana ukiigeuza drone angani nguvu yake inabadilika. Kwa bati tupu, tafuta upande usio na jua au tafuta kwaya. Na ukijaribu kitu dukani, kijaribu kwa kile kilichokupeleka dukani.

Jana imeingia picha kutoka Kanada. Dirisha kubwa, jua linapiga, na mbele yake pametundikwa kitenge cha machungwa na buluu. Chini ameandika: "Papa Drone, wacha kuhesabu."

Nimempelekea Mama Neema. Bado anacheka.

Sasa nyie mnaorushia sehemu za mabati, mnafanyaje? Na kuna aliyewahi kukuta chuma kikisikia polarisant? Semeni, ila nitauliza mara mbili.