Nilimuchagulia Mutoto Gari Lililoliwa na Chumvi

Nimekosa mimi. Niseme hivyo kwanza, kabla sijaogopa na kuichana barua hii kama nilivyochana zile tatu za mwanzo. Watu wa bandari ya Kashikishi wanasema aliyekosa ni mwanangu. Hapana! Ni mimi, mama yake, na nilijua.

Nivumilie, weye unayesoma. Mimi ni muuza samaki. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Wabelgiji. Mume wangu ndiye aliyenivusha ziwa Mweru nikiwa musichana, akanileta Nchelenge, na hapa ndipo tulipomuzika. Naandika kwa Kiswahili changu cha biashara. Kibemba ndicho ninachosalia kanisani, na maneno haya nikiyasema kwa Kibemba nitashindwa kumaliza.

Zamani tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Agnesi. Tunanunua samaki bandarini, tunawapasua, tunawatia chumvi, tunawapeleka kuuza huko kwenye migodi. Tulikuwa tunasafiri na kamioneti moja ya buluu, gari dogo lenye kabini mbele na mbao nyuma. Shofere wake alikuwa na maringo, yo! Mbele anaweka makarani na wasichana. Siye wauza samaki ni nyuma, juu ya magunia, na maji ya chumvi yanatuchuruzika miguuni mpaka tunafika.

Siku moja nilikuwa na homa na mvua inanyesha. Nikagonga kioo, nikamuomba anipe nafasi kidogo tu pale mbele. Akanitazama, akacheka. "Mama, utanitilia harufu kwenye kiti."

Agnesi alivua kitenge chake mwenyewe akanifunika. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa homa. Nikaapa palepale kwamba siku moja mutoto wangu atashika usukani, nami nitakaa mbele, tuone nani atacheka.

Bon. Miaka ikapita. Mwanangu akafika kumi na minane, akafundishwa kuendesha na mwalimu muzee wa misheni, jirani yetu, akapata leseni yake. Alikuwa mutoto mupole sana. Nilikuwa namutania kwamba akitafuta muke ataoa kobe, maana ndiye wa mwendo wake. Nikaamua kumununulia gari lake la kwanza, abebe samaki wetu na watu.

Magari mawili yalikuwa yanauzwa. La kwanza lilikuwa la yule mwalimu. Jeusi, limepauka, kioo cha upande kimefungwa kwa waya, na linakwenda polepole hadi unaona aibu kupungia watu. Lakini mwalimu alikuwa analilaza chini ya paa, na kila Jumamosi anaingia chini yake kuangalia breki. Halikuwahi kubeba samaki hata mumoja. Mwanangu alilitaka hilo.

"Mama, hili nalijua lote," akaniambia. "Ukikanyaga breki linasimama. Mimi ndiyo kwanza naanza. Nipe hili."

"Limekaa kama sanduku la kuzikia," nikamujibu. Mungu anisamehe yale maneno!

La pili lilikuwa kamioneti ile ile. Mufanyabiashara mumoja alikuwa ameinunua kwa shofere, akaipaka rangi nyekundu, inang'aa unajiona uso. Watu hawakuitambua. Mimi niliitambua! Ubao wa kushoto ulikuwa bado na kovu la kamba yangu ya kufungia magunia, na nilipokaribia mulango, chini ya ile rangi mupya, samaki wangu walikuwa wananuka.

Sasa sikia kosa lenyewe. Mimi najua chumvi. Beseni za bati ninazowekea samaki zinatoboka kitako kila baada ya misimu miwili, natupa, nanunua zingine. Na maji yale yale ndiyo tuliyokuwa tunayamwaga kwenye sakafu ya gari lile, safari baada ya safari, miaka na miaka. Kama kulikuwa na mutu mumoja ufukoni aliyejua chini ya rangi ile kuna nini, ni mimi.

Mwanangu alilala kwenye muchanga, akaingia chini na kisu changu cha kupasulia samaki. Nikamusikia anagonga-gonga. Kisha akaniita. "Mama, njoo. Inama kidogo tu uone."

Sikuinama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, na watu walikuwa wanatazama.

Akatoka na vumbi kwenye nywele, akasema kwa sauti ya chini ili asiniaibishe: "Kisu kinaingia kwenye chuma cha sakafu kama kwenye muhogo uliolowekwa. Na ule murija mudogo wa mafuta ya breki umeliwa, unamomonyoka. Mama, tafadhali, tuchukue la mwalimu."

Mwenye gari akacheka. "Aka! Kijana anaogopa kutu! Mama, huyu mutafutie sufuria, atakusaidia kupika." Na watu nao wakacheka.

Mimi sikusikia kicheko chao. Nilisikia kile cha shofere, siku ya mvua. Nikamunyang'anya mwanangu kisu mbele ya wote. "Nani ananunua, weye ao mimi? Kama unaogopa gari, rudi ukacheze na watoto wenzako!"

Akajipangusa vumbi. Alikuwa mutoto wa kutii. Laiti siku ile angenikatalia!

Nikalipa, nikakaa mbele. Nisiwadanganye, nilifurahi. Tulipita bandarini Kashikishi, mimi nimeweka kiwiko dirishani kama muke wa chifu. Mwanangu alikuwa anaendesha taratibu hadi vijana wa baiskeli wanatupita wakipiga kengele. Mara mbili akaniomba tulipeleke kwa fundi. Mara mbili nikamuambia musimu ukiisha.

Siku ya ajali tulikuwa tunarudi bandarini kuchukua samaki, tumebeba magunia ya chumvi. Agnesi alitaka kupanda mbele, miguu yake ilikuwa inamuuma. Mbele kulikuwa na nafasi, ya kubanana lakini ilikuwapo. Nikamuambia nini? Nikamuambia, "Dada, leo kaa nyuma na magunia, utanikunjia kitenge."

Mawee! Mimi! Kwa Agnesi!

Akacheka tu. "Haya, mama patroni." Akapanda nyuma, akakaa pale tulipokuwa tunakaa zamani.

Kwenye mutelemko wa kushuka bandarini nikamuona mwanangu anakanyaga, anakanyaga tena. Muguu ulikuwa unakwenda hadi chini bila kugusa kitu. Mbele yetu wanawake walikuwa wamejaa njiani na samaki zao, na watoto migongoni. "Mama, shika!" akapiga kelele, akakata usukani, akatupeleka kwenye kichuguu. Hakugonga mutu hata mumoja.

Lakini ile sakafu ya nyuma ilipasuka. Sakafu niliyoimwagia chumvi mimi mwenyewe. Agnesi akatumbukia nayo na magunia yakamuangukia. Alikufa siku ya tatu, mukono wake ukiwa kwenye wangu, na mpaka mwisho alikuwa anauliza kama mutoto ameumia.

Hayo bado si mabaya zaidi.

Walituita Boma, kwenye ofisi ya serikali. Muzungu akauliza, mukalimani akatafsiri. "Mama, ulijua gari lina ubovu?" Nyuma yangu ndugu wote wa Agnesi walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nilikuwa naogopa macho yao. Nikasema, "Hapana, bwana."

"Kijana alikuwa anakwenda mbio?"

Nikasema, "Watoto wa siku hizi, bwana, wanapenda mbio."

Nilisema hivyo. Kinywa hiki hiki. Mwanangu aligeuka akanitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa ananitazama kama anayetafuta mutu aliyempoteza. Nikangoja aseme, "Nilimuonyesha mama, akaninyang'anya kisu." Alikuwa na haki ya kusema. Walipomuuliza akasema, "Niliyeshika usukani ni mimi." Basi. Wakamunyang'anya leseni, wakamufunga miezi kadhaa.

Alipotoka hakurudi nyumbani. Yuko Kafutuma, analima muhogo wa watu. Ufukoni wamemupa jina, wanamuita Mbio. Watoto wadogo wanaliimba. Yeye aliyekuwa anapitwa na baiskeli!

Mwezi uliopita alikuja kwenye ukumbusho wa Agnesi. Alikaa mwisho kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Nikamufuata hadi njiani, nikakuta lori moja limesimama. Shofere wa lori alikuwa mugeni, mutu wa adabu. Akatufungulia mulango. "Mama, panda mbele. Na weye kijana, nafasi iko."

Mwanangu akasema, "Asante, bwana. Mimi nitakaa nyuma."

Nyuma kulikuwa na samaki wa chumvi. Nikamuona kwa kioo anapanda juu ya magunia, anakunja suruali yake, maji yanamuchuruzika miguuni. Mimi nikakaa mbele, kwenye kiti safi, mpaka nikashuka. Sikuweza kugonga kile kioo. Ningemuambia nini?

Ndiyo maana naandika. Mulio na watoto wanaoanza kushika usukani, musitazame rangi. Chukueni lile gari baya la mwalimu, lile linaloangaliwa breki kila wiki, hata majirani wacheke. Na mutoto akikuita kutoka chini ya gari, akisema, "Mama, inama uone," basi inama! Kitenge kitafuliwa. Mimi sikuinama, na Agnesi yuko chini ya udongo.

Nimeomba jina langu lisiandikwe, maana bado ni mwoga. Hata hivyo, gazeti hili likisomwa bandarini, mutanijua kwa alama ya kamba na kwa kitenge. Haya, munijue. Nitakuwa pale pale kwenye beseni zangu, ndugu za Agnesi waje.

Lakini jina la mwanangu naomba liandikwe. Anaitwa Chola. Siku ile alikuwa anakwenda polepole.