Jibu la Kwanza

Kwetu salamu ilitangulia kila jambo, na salamu ilikuwa na jibu moja tu. Mtu aliyeulizwa *mhola?*, yaani kuna amani?, alijibu *mhola duhu*, amani tu, hata kama ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa alfajiri ile au mtoto wake alikuwa ndani akitetemeka kwa homa. Habari yenyewe ilikuja baadaye, wageni wakishakaa na kunywa maji, na mwenyeji akishaulizwa mara ya pili, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya kwanza. Hakuna aliyelihesabu jibu la kwanza kuwa uongo, kama vile hakuna anayeihesabu hodi kuwa mazungumzo.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, upande wa Maswa, enzi ambazo hapakuwa bado na mkoa ulioitwa Simiyu na barua zetu zilipitia Shinyanga. Kanisa letu la Anglikana lilikuwa dogo, la matofali ya udongo, lenye mabati yaliyolia jua likipanda, na benchi ambazo akina mama walizipaka samli kuukuu ili mchwa wasizile. Tulikuwa familia thelathini hivi. Wengi wa jirani zetu walikuwa wa makanisa mengine, au hawakuwa wa kanisa lolote, na hilo halikumzuia mtu kuchota maji katika kisima kimoja nasi.

Wewe uliyekulia vijiji vya namna hiyo utalikumbuka kapu. Kila Jumapili, baada ya wimbo wa sadaka, akina mama walipita mbele, kila mmoja na konzi yake: unga wa mtama, karanga, kunde, na hasa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani hadi vikawa vyeupe na vigumu kama chaki. Vyote viliingia katika kapu moja kubwa la ukindu chini ya altare. Siku ya Ijumaa, tukitoka shule, wasichana watano tulipokea kila mmoja kikapu chake kidogo kilichojazwa kutoka katika lile kubwa, na kila mmoja akakipeleka kwa mzee wake asiye na wa kumtunza. Tulipita kwanza dukani. Mwenye duka alikuwa Mwislamu aliyehamia kutoka Singida, na katika kila kikapu alitia chumvi aliyoifunga ndani ya karatasi ya gazeti.

"Mwambieni kasisi wenu," alikuwa akisema, "chumvi hii haijabatizwa. Akiogopa, ailete, nitaila mwenyewe."

Mimi nilipangiwa bibi mfinyanzi. Alikaa peke yake ng'ambo ya mbuga, ndani ya ua wa minyaa, na hapakuwa na nyumba nyingine iliyoweza kuiona ya kwake. Mumewe alikuwa amefariki na wanawe walikuwa wametawanyikia huko kwenye machimbo. Vyungu vyake vilikuwa katika kila jiko la kijiji, navyo vilitambulikana kwa kung'aa, kwa sababu alivilainisha kwa jiwe jeusi dogo alilorithi kwa mama yake, lililolika upande mmoja hadi likakaa sawasawa na kidole gumba chake.

Nilipiga magoti kumwamkia, kama tulivyofunzwa, naye hakuniacha niinuke kabla ya kunichokoza, akiniita *mayu*, yaani mama.

"Mayu, umenenepa. Kapu la Mungu unalionja njiani?"

"Sijaonja, bibi."

"Basi Mungu anajaza kidogo siku hizi. Ngoja nimsaidie."

Ndipo alipokimimina kikapu katika ungo, akaingia ndani, na kutoka na kitu cha kurudisha. Kikapu hakikurudi kitupu kamwe. Mara nyingi kilirudi na matobolwa, viazi vile vile ila vilivyochemshwa kwanza kabla ya kukaushwa, vitamu na vyenye kunata menoni. Mara nyingine kilirudi na yai, au ubuyu. Bibi yangu, aliyenilea, alinisubiri mlangoni, na kabla ya kuniuliza lolote aliinama kutazama ndani ya kikapu. Akikuta matobolwa aliendelea na shughuli zake. Akikuta ubuyu tu, uliookotwa porini, alijifunga kitenge na kuvuka mbuga jioni ile ile. Nilidhani anapenda matobolwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akikisoma kikapu.

Kisha tuliletewa kasisi mpya. Alikuwa mzaliwa wa Muheza, mtu mpole, mwembamba, aliyeshuka garimoshi Malampaka akiwa na baiskeli, sanduku la vitabu na Kiswahili ambacho sisi tulikisikiliza kama muziki. Alilipenda kapu tangu wiki ya kwanza. Ila alisema kwamba jambo jema hivyo linastahili utaratibu, akanunua kaunta buku, akaichora mistari kwa rula: jina la mzee, tarehe, jibu, hali. Kila Ijumaa tuliporudi tulipaswa kuandika.

"Andikeni alichosema mzee," alituagiza. "Msiongeze la kwenu."

Wenzangu hawakuweza. Waliandika walichokiona: hana kuni, paa linavuja, mguu umevimba, na mmoja aliandika kwamba mbuzi wa mzee wake ana sura ya huzuni, tukacheka sana. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na niliyapenda maagizo. Niliuliza *mhola?*, nikajibiwa *mhola duhu*, nikaandika katika safu ya jibu: "Amani tu." Katika safu ya hali niliandika: "Mzima." Hati yangu ilikuwa nzuri. Jumapili moja kasisi aliiinua kaunta buku mbele ya watu wote akasema kwamba katika wale wasichana watano yuko mmoja anayeandika kama ilivyo, na kichwa changu kikavimba hadi Jumapili iliyofuata.

Mwaka ule mvua za vuli zilinyesha mara mbili zikakoma. Pamba ilichipua ikasimama urefu wa kiganja. Konzi za Jumapili zikawa nusu konzi, na kapu la chini ya altare likaanza kuonyesha kitako chake. Katika wiki hizo hizo bibi yangu aliitwa Malampaka, ambako shangazi alikuwa amejifungua mapacha na hakuwa na wa kumsaidia. Nilibaki na mama mdogo, aliyekuwa na wanawe wa kuwaza na hakuwa na desturi ya kutazama ndani ya vikapu.

Ijumaa ya kwanza bibi yangu asipokuwapo, kikapu kilirudi na ubuyu. Ya pili, kilirudi na majani makavu ya kunde, machache, yaliyofungwa kwa uzi. Ya tatu, bibi mfinyanzi alikaa muda mrefu ndani, na alipotoka hakunichokoza. Alilitia jiwe lake jeusi ndani ya kikapu.

"Hili mpe bibi yako akirudi," alisema. "Mwambie nimemsalimu."

"Mhola, bibi?" niliuliza, maana nilikuwa nimesahau kuuliza mapema na safu ya jibu ilihitaji kujazwa.

Alinitazama kidogo. "Mhola duhu, mayu."

Nikaandika.

Jumapili iliyofuata kasisi alisema kanisani jambo ambalo mpaka leo siwezi kulikosoa kwa hoja. Alisema tukigawa kilichopo kwa watano hakuna atakayeshiba, basi tuwape kwanza wale ambao kumbukumbu zinaonyesha wana shida, na aliye mzima atusubiri hadi mavuno. Akafungua kaunta buku. Wanne walikuwa na shida za kila namna. Mmoja alikuwa mzima, wiki tatu mfululizo, kwa hati nzuri. Alipiga mstari juu ya jina lake kwa rula.

Lile jiwe nililiweka katika mfuko wa sare. Lilikuwa zito kwa kiasi, laini, halidundi ovyo, na kwa mchezo wa mdako halikuwa na mfano. Kulirusha juu na kulidaka kabla ya kuokota kete nyingine kulikuwa raha tupu. Nilicheza nalo kwa wiki nne. Ijumaa zote nne sikuvuka mbuga, kwa kuwa sikuwa na kikapu cha kupeleka. Wala hakuvuka mtu mwingine. Majirani waliokuwa wakimpelekea kibaba cha unga miaka ya nyuma walikuwa wameacha zamani, kwa sababu kila mtu alijua kwamba yule analishwa na kanisa.

Bibi yangu alirudi mchana mmoja wa jua kali, vumbi la barabara likiwa limempaka hadi kwenye nyusi. Alinikuta uani nikicheza mdako na binamu zangu. Hakutua mzigo wake.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Nimepewa na bibi mfinyanzi. Alisema nikupe ukirudi."

"Lini?"

"Ijumaa ya mwisho niliyokwenda."

"Na Ijumaa zilizofuata alikupa nini?"

"Sikwenda. Alifutwa."

"Alifutwa na nani?"

"Na kasisi. Maana alijibu mhola."

"Sote tunajibu mhola!" alisema, na sauti yake ilikuwa kali hata kuku wakatawanyika. Kisha akalichukua jiwe mkononi mwangu, akaligeuza upande uliolika, na akasema taratibu, kwa nafsi yake zaidi kuliko kwangu, kwamba hata siku ya kumzika mumewe bibi yule alikuwa nalo ndani ya kitenge.

Aliazima maziwa nyumba ya pili, tukavuka mbuga karibu mbio. Uani mwake majivu ya jiko yalikuwa yamepeperushwa yakaisha. Tulimkuta amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, ndani, kichwa kikiuelekea mlango. Alikuwa amekuwa mdogo. Bibi yangu aliketi sakafuni karibu naye.

"Mwadila, mayu," alimwamkia. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Bibi yangu aliyaweka maziwa kando. Alikaa. Nilisikia nzi, na mbali kidogo kengele ya ng'ombe wa mtu. Nilitaka aharakishe, ammiminie maziwa kinywani, lakini alikaa kama mtu mwenye siku nzima, huku ameushika ule mkono wenye dole gumba pana. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini:

"Jana umekula nini?"

Bibi mfinyanzi alifikiri. "Jana ilikuwa lini?" alisema. Kisha macho yake yakanipata mimi mlangoni, na akajaribu lile tabasamu lake la uchokozi. "Mayu, leo umekuja bila kapu."

Alikunywa maziwa kidogo kwa kijiko. Siku ya tatu alifariki.

Kasisi alimzika. Hakuhubiri, alisoma maneno ya kitabu, akafumba kitabu. Baada ya mazishi alikuja nyumbani kwetu, akaketi kwenye kigoda, na bibi yangu akampa maji. Kaunta buku ilikuwa kwapani mwake.

"Mama," alisema, "hata kwetu Muheza mtu akiulizwa hali husema salama tu. Nilikuwa nalijua jambo hili tangu utoto wangu."

"Basi ulikuwa unalijua," bibi yangu alisema. Hakusema kwa hasira. Lakini hakumwambia kwamba haikuwa kosa lake. Mimi pia hakuniambia hivyo, siku ile wala baadaye. Nilimsubiri miaka mingi aniambie.

Nilirudi kijijini mwezi Juni mwaka huu. Barabara ni ya lami hadi karibu, na kanisa ni jipya, lenye vigae na vipaza sauti. Sikuliona lile kapu, wala hapakuwa na aliyelikumbuka. Binti wa ofisini, mchangamfu na mwenye adabu, alinionyesha simu. Wazee wote wamo katika kundi la ujumbe, au wajukuu wao wamo kwa niaba yao, na kila Ijumaa kanisa huwauliza hali.

"Mwenye shida anasema, tunamfikia," alinieleza. "Ila wengi wako poa, mama. Ona."

Niliona. Wengi walikuwa wamejibu kwa dole gumba lililoinuliwa.

"Kuna anayewatembelea?"

"Wote? Nani ana muda huo, mama?"

Nilivuka mbuga kwa miguu. Minyaa bado ipo, imekuwa mirefu na imeziba lango, na ndani yake mtu amepanda dengu. Nilisimama pale nikajaribu kukumbuka ladha ya yale matobolwa, na nikagundua kwamba ninachokikumbuka ni uzito wa kikapu wakati wa kurudi, jinsi kilivyopungua Ijumaa hadi Ijumaa, na jinsi mkono wangu ulivyoufahamu upungufu ule bila mimi kuuandika popote. Bibi yangu amelala upande wa pili wa kijiji. Jiwe aliniachia mimi. Upande uliolika haulingani na kidole changu.

Baada ya msiba ule kasisi aliichoma ile kaunta buku, na tangu hapo kila Ijumaa alikwenda mwenyewe kwa wazee wote wanne, akakaa. Mwaka wa pili alihamishwa. Aliyemfuata alikuwa na mitaa saba ya kuhudumia, na kapu likakoma.