Mkata herufi wa kompyuta kongwe: “Namwonea wivu mdogo wangu”

Saa mbili asubuhi, Mama Herufi anabonyeza swichi ya kompyuta yake kisha anachukua ufagio. Anafagia chumba chote, anapangusa masizi kwenye mashine, anakoroga chai na kuinywa hadi nusu kikombe. Ndipo kioo cha kompyuta kinapotulia. Dakika kumi na moja kwa saa ya ukutani.

“Usiiharakishe,” anamwonya mwandishi aliyesogeza mkono. “Ukiigusa sasa inasusa, tunaanza upya.”

Kompyuta hiyo ina umri wa miaka kumi na sita. Ofisi moja ilikuwa inaitupa, yeye akaiomba. Mumewe, fundi baiskeli, huiita “mume mwenzangu” kwa jinsi inavyobembelezwa. Lakini ndiyo inayoongoza mashine ndogo ya leza, mwanga mkali unaochoma na kukata mbao nyembamba. Kwa mashine hiyo mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba hutengeneza vibao vya milango, vishika funguo na namba za nyumba. Mlango wake mwenyewe hauna kibao. Kinyozi hajinyoi.

Chumba ni hatua nne kwa tano. Dirishani pana feni inayotoa moshi nje, na ukutani, juu ya kompyuta, pana msumari mmoja. Kazi ikianza tu, Mama Herufi huchomoa kipanya cha kompyuta na kukitundika hapo.

Si mbwembwe. Kompyuta huipa mashine amri moja baada ya nyingine, na nguvu zake ni za kufanya hilo tu. Ikisumbuliwa na jambo jingine, hata dogo, amri hukatika na mashine husimama, ila mwanga hauzimi. Unabaki palepale ukichoma. Kufumba na kufumbua, kazi ya saa mbili imetoboka.

“Kazi ikianza, humu ndani ni kama kuna mtoto kalala,” anasema, naye kweli anasema kwa sauti ya chini.

Kwa miaka kumi na minne alichora mabango kwa brashi, na jina alilipata huko. Mabango ya kuchapwa yalipoingia, wateja wakamkimbia. Akauza cherehani yake, akanunua mashine ikiwa vipande ndani ya boksi, akaiunga mwenyewe kwa wiki tatu. Alipoielewa, mtu wa kwanza kufundishwa naye alikuwa mdogo wake, wa kike kama yeye.

Sasa mdogo wake ana duka lake ng’ambo ya barabara, milango saba mbele. Ana kompyuta mpya na mashine kubwa mara tatu ya hii. Kibao kinachomchukua Mama Herufi saa mbili, yule hukitoa kwa robo saa. Wateja waliokuwa kumi na watano kwa mwezi hapa, leo ni sita.

Katika makala kama hii mhusika husema kila mja na riziki yake, na mwandishi huandika. Mwandishi alikwisha kushika kalamu kwa ajili hiyo.

“Namwonea wivu,” akasema Mama Herufi. “Andika hivyohivyo, usiupake sukari. Akipita na mteja nasimama dirishani namhesabia hatua.”

Wateja, hata hivyo, anadai angemsamehe. Kilichomkaa kooni ni kibao cha mama yao.

Mama yao mzazi ana miaka sabini na tisa, na macho yamefifia. Majirani na wajukuu huingia kwake ghafla, akashtuka. Mwezi uliopita alitaka kibao cha mlangoni chenye maneno mawili, PIGA HODI, herufi zizame kwenye ubao ili naye aweze kuzisoma kwa vidole. Akampigia simu bintiye mdogo.

Mama Herufi alizipata habari hizo kwa mdogo mtu mwenyewe, aliyekuja kuazima msasa. Kabla ya kuondoka alimwachia na flashi yenye picha ya kibao alichokwisha kukitengeneza, dada amwangalizie kama herufi zimekaa sawa. Mama Herufi akampa msasa, akamuulizia watoto, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi na kukaa chini.

“Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyemfundisha,” anasema. “Wanasema chanda chema huvikwa pete. Sasa mimi nilikuwa chanda gani?”

Bila kuombwa na mtu, alichukua ubao wake mzuri kuliko yote, uliobaki mmoja, akaanza kuchonga PIGA HODI yake. Herufi tano zilitoka safi. Ya sita, O, ilikuwa katikati ya safari uvumilivu ulipomwishia. Alikitoa kipanya msumarini, akachomeka flashi, akafungua picha ya mdogo wake.

Kompyuta ikaganda. Mashine ikasimama juu ya O, na moshi ukapanda. Mpaka anaung’oa waya wa umeme ukutani, kwenye ule mzingo wa herufi palikuwa na tundu linaloingia ncha ya kalamu.

Picha aliiona baadaye, alipoiwasha kompyuta upya. “Kibao chake kilikuwa kizuri,” anasema. “Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.”

Alimaliza herufi mbili zilizobaki na Jumamosi akakipeleka kibao hivyohivyo. Cha mdogo wake kilikwisha kupigiliwa mlango wa mbele. Mama akakipokea hiki magotini, akapitisha vidole herufi moja moja. Kwenye O akasimama.

“Hapa palikuwa na nini?”

“Palikuwa na wivu, mama.”

Mama hakucheka wala hakumgombeza. Kidole kilikuwa bado kwenye tundu.

“Mdogo wako nilimwomba kwa sababu asingekumbuka,” alisema. “Wewe nilijua utaleta bila kuombwa.”

Kibao hicho sasa kiko kwenye mlango wa chumba chake cha kulala. Lakini maneno yale, anasema Mama Herufi, bado yanamgeuza ubavu kitandani. Ni sifa, hakatai. Ila mtoto wa kutegemewa ni mmoja na mtoto wa kupigiwa simu ni mwingine, naye amechoka kuwa yule wa kwanza.

Akiulizwa mipango yake, hataji kompyuta mpya. Anaeleza kwamba mama yao hupoteza miwani kila siku, na kwamba yeye amekwisha kuchora kisanduku cha kuiwekea. Mchoro umo kwenye kompyuta. Ubao umepigwa msasa, uko tayari juu ya meza ya mashine.

“Kila kitu kipo,” anasema. “Ila safari hii siwashi mashine mpaka anipigie yeye. Aseme tu, mwanangu, nitengenezee. Hata kama ni mara moja maishani, nami nataka kuombwa.”