Jeneza la Saizi ya Kawaida

Siku ile ya jeneza naikumbuka, mwanangu, na leo umenikasirisha upya. Nimekusikia ukimjibu yule mama wa Bagara ambaye mlango wake hauingii: "Mama, mashine haikosei." Haikosei! Hata mimi niliwahi kusema hivyo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga, Babati inajengwa kila kona. Bosi wetu wa karakana pale Maisaka alileta mashine ya kukata mbao, akabandika ukutani karatasi ya vipimo: milango, madawati, hata majeneza. Niliiamini karatasi ile kuliko akili yangu.

Fundi mkongwe wetu, Mzee Boay, hakuwahi kutengeneza jeneza kabla ya kwenda msibani na kamba kumpima marehemu. Siku hiyo magoti yalimuuma, akanipa mimi kamba. "Nenda Sigino kwa Mama Safari, amefiwa na mumewe. Ukapime." Jua lilikuwa kali, nami mvivu. Nikakata jeneza kwa karatasi, nikalipiga vanishi, likang'aa.

Kumbe Baba Safari alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa pale! Tulipomlaza, miguu haikuingia. Ndugu zake wakaanza kuyasukuma magoti. Mjane akalia, "Mwacheni! Mnamkunja kama nguo?"

Nikajibu, Mungu anisamehe, "Lakini Mama, hii ndiyo saizi ya kawaida."

Uwanja mzima ukanigeukia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nusura nimvunjie marehemu la kwake.

Padri akangoja, kaburi likangoja. Mzee Boay akaletwa kwa baiskeli na msumeno wake. Akalifumua jeneza upande wa miguu, akang'oa mlango wa stoo ya marehemu, akaunga mbao zake pale. Baba Safari akalala amenyooka. Ndipo mzee akaniambia, bila kunitazama, "Karatasi haijawahi kufiwa."

Sikukatazi mashine, mwanangu. Ningekuwa na yangu mwenyewe mapema, mgongo wangu usingepinda hivi. Lakini kabla hujakata, nenda ukaone. Kuta za watu hazikufyatuliwa kiwandani, wala watu wenyewe. Basi inuka kwenye hicho kiti, nenda Bagara leo hii, ukaupime ukuta wa yule mama na umwombe radhi.

Kamba ya Mzee Boay ninayo bado, ichukue. Mungu aibariki mikono yako, ayafumbue na macho yako. Na siku nitakapolala mimi, uje unipime mwenyewe.