Miezi Minne Baada ya Majibu

Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye tezi yangu nilipewa asubuhi, katika hospitali moja ya Moshi, mke wangu akiwa amekaa kando yangu. Daktari alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu ualimu. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akaniambia nina saratani ya tezi dume.

Nilidhani watanilaza siku ileile. Lakini alieleza kwamba saratani yenyewe bado imo ndani ya tezi na haionekani kwenda kasi. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kama nataka upasuaji au mionzi.

"Mzee, huna haja ya kukimbia," alisema. "Ila usikae sana. Miezi miwili, isizidi mitatu, uwe umerudi."

Ndani ya basi la kurudi Mbulu nilishika yale maneno ya mwanzo tu.

Nyumbani Tlawi, kijiji chetu huko Mbulu, mdogo wangu alikuja kunihimiza nirudi wiki ileile. Nilimjibu kwamba daktari mwenyewe amesema hakuna haraka, naye akaondoka hajaridhika. Nikavuna maharage. Yalipokwisha, nikasema ng'ombe wetu anakaribia kuzaa na safari iliyopita alipata shida, lazima niwepo. Akazaa salama. Kisha nikasema baridi ya mwezi wa saba itanitesa njiani.

Ukweli ni kwamba pale hospitalini nilikaa benchi moja na mzee aliyekwisha kupasuliwa. Alinisimulia habari za kujikojolea, na za unyumba kupotea. Nimeishi na mke wangu miaka thelathini na sita, lakini hilo sikuweza kumwambia.

Mwezi wa nne tangu nipewe majibu ulipoanza, mke wangu alinikuta zizini nikikaza ua ambao haukuwa umelegea. Alikuwa amebeba mzigo wa majani.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo anavyoniita, "maharage yako ndani. Ng'ombe amezaa. Sasa unasubiri nini?"

Sikuwa na sababu nyingine. Nikamwambia naogopa nikitoka huko sitakuwa mume tena.

Alitua mzigo, akaukalia.

"Na mimi naogopa kubaki peke yangu," alisema. "Twende hivyohivyo, tukiogopa."

Tulipofika Moshi, daktari hakunigombeza. Alirudia vipimo. Kile cha damu kilikuwa kimepanda kidogo, lakini saratani haikuwa imetoka nje ya tezi. Alisema wazi kwamba kuchelewa hivyo halikuwa jambo la kujaribu tena. Nikachagua upasuaji. Alipofika kwenye mambo ya mume na mke niliangalia sakafu. Mke wangu ndiye aliyeuliza, swali baada ya swali, bila kupunguza sauti.

Baada ya upasuaji nilivaa pedi kwa miezi kadhaa. Siku hizi mkojo hunitoka nikikohoa au nikiinua ndoo iliyojaa, basi. Lile lingine halijarudi kama lilivyokuwa, lakini tunalizungumza, na zamani hatukuwahi kulizungumza hata tulipokuwa wazima. Damu napima kila baada ya miezi michache, na mpaka sasa majibu ni mazuri.

Juzi alikuja mwalimu mwenzangu wa zamani. Naye ameambiwa ana saratani hiyohiyo, na kwamba ana muda kidogo wa kuamua. Nikamwuliza kama mkewe anajua. Akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Nikamwomba aje na mkewe Jumapili baada ya ibada, tunywe chai sote wanne.