Akina Prisila Hawakai Mahali Pamoja

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku ambayo mbuzi watatu waliingia nyumbani kwetu, huku nje ya Migwani, na jioni wakatoka wote wakiwa hai. Kama wewe ni Mkamba unaijua aibu hiyo. Kama si Mkamba, kaa nikueleze, ingawa kukaa ni kazi inayonishinda mimi mwenyewe mpaka leo.

Kwetu kijana akitaka msichana, watu wake huleta mbuzi wa ntheo. Beberu huchinjwa hapo hapo, pande zote mbili hula, na nyama ikishaliwa msichana ni wao. Mahari mengine yanaweza kufuata polepole hata mpaka wajukuu wazaliwe, lakini bila mbuzi hao hujaolewa, hata uwe na pete ya dhahabu na watoto saba. Kwa hiyo mbuzi wakirudi na kamba shingoni, soko zima hupata habari kabla hawajafika kwao.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jina langu ni Prisila, na sikulichagua. Mtoto wa kike wa kwanza kwetu huchukua jina la mama yake baba, na nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, alikuwa Prisila. Jina likikukaa namna hiyo, linakuja na mwenyewe. Mama yangu hakuwahi kunichapa, maana nilikuwa mama mkwe wake mdogo. Babu alipokuwa hai alinitania eti mke wake amekataa kuzeeka. Na kila nilipochelewa kurudi kutoka mtoni na maji, baba alitikisa kichwa akasema, "Ni yule yule."

Alisema hivyo kwa sababu Susu alikuwa na sifa, na sifa yake ilikuwa miguu. Mwaka mmoja wa njaa alitoka nyumbani akaacha watoto, akakaa huko alikokwenda mpaka watu wakasema amepata mume mwingine. Akarudi. Lakini tangu hapo hakutulia tena. Mavuno yakiisha tu, alibeba vyondo vyake, vikapu vya mkonge, akaenda kuuza, leo Machakos, mwezi ujao Makindu, akisokota mkonge huku anatembea kama wanawake wa zamani walivyofanya. Mtembezi hula miguu yake, walimwambia. Naye aliwajibu kwamba yake bado ina nyama.

Mimi nami nilikuwa na kitu ndani kinaniwasha. Sikujua ni nini. Nikipalilia mtama nilitaka kuwa sokoni, nikifika sokoni nilitaka kuwa kwenye lori linaloondoka. Kisha akaja Kyalo. Watu wake walikuwa na duka kule Sultan Hamud, upande wa Makueni, karibu na stesheni, naye alikuja Migwani kununua ndengu. Alikuwa kijana mpole, viatu vyake viking'aa hata kwenye vumbi letu. Alinisimulia jinsi treni inavyopita nyuma ya duka lao na vikombe vikatetemeka kwenye rafu. Nitakwambia ukweli: kilichonikosesha usingizi hakikuwa Kyalo. Ilikuwa ile treni.

Basi mambo yakaenda haraka, kwa maana niliyaharakisha mimi. Kulikuwa na tatizo moja tu. Watu wa Kyalo, kabla ya kuchukua msichana, huuliza kwanza amepewa jina la nani, ili wajue wanapeleka nyumbani tabia gani. Baba akaona heri nijulishwe kwao kama Mwende, jina la mapenzi ambalo mama alikuwa akiniita. Na Susu, ili asionekane, akatumwa upande wa Mwingi kwa binti yake, akaambiwa binti ni mgonjwa.

Lakini mtu wa barabara humdanganyi kwa barabara. Njiani Susu akakutana na watu waliomwona binti yake sokoni akibishania bei ya kuku kwa sauti ya mtu mwenye afya. Akageuza.

Alipoingia uani, beberu alikuwa amekwisha kulazwa, wanaume wamemshika miguu, kisu kinanolewa. Shangazi yake Kyalo, mama mnene aliyekuja kama msemaji wa wanawake wa upande wao, alikuwa amepewa kiti kizuri. Susu akasimama katikati, mkonge bado uko mkononi.

"Ngojeni na hiyo kisu," alisema.

Baba akaangalia chini. Shangazi akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

"Mimi ndio mwenye jina. Huyu msichana mnaletea mbuzi anaitwa Prisila. Amechukua mimi. Na nyinyi watu wa Makueni mko na masikio, lazima mmesikia habari yangu."

"Wewe ndio ule Prisila aliacha watoto?"

"Ndio mimi. Mwaka ya njaa nilienda kutafuta mahindi. Mzee alikuwa mgonjwa na watoto walikuwa wanakula mizizi. Nilifanyia watu kazi huko mbali mpaka nikapata gunia, na mbegu ya kupanda. Nikarudi. Hiyo ni safari ya kwanza. Hizo zingine nilienda kwa sababu nilipenda kwenda. Sasa mmejua. Kama mnaogopa jina, fungueni mbuzi zenu. Kama hamuogopi, chinjeni. Lakini hakuna mtu atakula nyama hapa akidanganywa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo akanigeukia, na hayo ndiyo makaripio ambayo nimeyabeba maisha yangu yote.

"Na wewe, mke mwenzangu. Huko Sultan Hamud unaenda kutafuta nini?"

Nikajifanya kufunga leso yangu upya.

"Nauliza vizuri. Unataka huyu kijana?"

Nikamtazama Kyalo. Naye alikuwa akinitazama, kofia mkononi, na sikuweza kumdanganya mtu mwenye macho yale. Nikasema, "Nataka kuona treni."

Kuna aliyecheka. Kyalo hakucheka. Susu akasogea karibu akasema polepole, lakini kila mtu akasikia, "Watu wanasema uko na miguu yangu. Si kweli. Mimi nilitoka nikijua natafuta mahindi. Wewe unatoka tu. Sasa utarudi na nini?"

Shangazi akaanza kupiga kelele kuhusu heshima. Kyalo ndiye aliyemnyamazisha. Alimsimamisha beberu mwenyewe, akampangusa vumbi, akashika kamba zote tatu. Aliponipita aliniambia tu, "Ungeniambia, ningekuonyesha treni bure." Mpaka leo neno hilo likinijia nikiwa peke yangu huona haya, ingawa nasikia alioa vizuri na nyumba yake ilijaa watoto.

Baba hakusema na mama yake mpaka mvua iliyofuata. Mimi nililia kwa aibu, kisha kwa hasira, na katikati ya hasira Susu akanitupia fungu la mkonge. "Sokota," akasema. "Treni haiendewi kwa mbuzi. Mtu akitaka kuiona anaenda anaiona." Vyondo vilipotosha tulifunga safari sisi wawili mpaka Sultan Hamud. Tuliuzia barazani pa watu, mbali na duka la Kyalo. Treni ikapita. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na kelele, ikaisha. Nilibaki nimesimama pale na vumbi usoni, na nikagundua kwamba kile kinachowasha bado kiko. Hakikuwa treni hata kidogo.

Wazee wetu hawakukosea waliposema mwenda bure si mkaa bure. Pale Sultan Hamud niliona wanawake wenye vibanda vyao, wanaopanga bei bila kumwuliza mtu, na nikajua ninachokitaka. Niliuza vyondo barabara ile miaka mingi. Nikaolewa baadaye, na mtu wa hapa hapa Migwani, ambaye kabla ya kuleta mbuzi aliniuliza nikisafiri huwa narudi siku gani. Nilipenda swali hilo. Mbuzi wake tulimla, na Susu akapewa nyama kwanza.

Sasa ngoja nisimame kidogo, magoti yameganda. Haya.

Ninakusimulia haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Naye ni Prisila, amenichukua mimi, na anafanya kazi kwenye duka la simu kule Malili. Kabla ya hapo alikuwa hotelini, na kabla ya hapo saluni. Majuzi alikuja na mtoto wake wa miaka miwili mgongoni na simu mkononi, akakaa hapo mlangoni.

"Susu, hebu skia. Nime-google jina yetu. Tuko wengi, na wote ni story."

Akanisomea. Wa kwanza nilimjua, ni yule wa Biblia aliyeshona mahema na mume wake. Huyo ndiye Susu aliyemchagua siku ya kubatizwa. Hakujua kusoma, lakini mhubiri alipokuwa akieleza habari za wanawake wa Kitabu alisikia kwamba huyu kila akitajwa yuko mji mwingine. Leo amefukuzwa Roma, kesho yuko Korintho, mara Efeso, mikono inashona na mdomo unafundisha. Susu akasema, huyo.

Wa pili alikuwa nabii, zamani za kanisa changa, upande wa Asia. Maaskofu walimwambia anyamaze, naye akaendelea kusema. Wa tatu alikuwa mwanamke tajiri wa Roma, ambaye inasemekana alitoa ardhi yake waumini wapate pa kuzika watu wao.

"Kwa hivyo hakuna mwenye alitulia?" nikamwuliza.

"Labda huyo wa shamba."

"Huyo wa shamba angekuwa Migwani, ndugu zake wangemfikisha kwa chifu asubuhi na mapema. Mwanamke akitoa ardhi, hapo hajatulia."

Alicheka, na akicheka ni Susu mtupu. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia ameshapata pasipoti, na ajenti amemwahidi kazi ya nyumba huko Uarabuni, miaka miwili. Mtoto angebaki na mimi. "Susu, huku nimechoka. Nataka tu kutoka. Na si hata jina inasema?"

Niliogopa, mwanangu, nakwambia wazi. Nilitaka kumficha ile pasipoti ndani ya gunia la ndengu. Lakini ni nani, katika akina Prisila wote, wa kumwambia mwingine akae? Basi nikamweleza habari za wale mbuzi. Na nikamweleza kitu ambacho Susu aliniambia pale barazani Sultan Hamud, treni ikishapita, na ambacho sikuwa nimekitoa mdomoni mwangu mpaka siku hiyo.

Alisema, "Usinifanye mtakatifu. Siku nilirudi na gunia kichwani, watoto walikuja mbio wote isipokuwa huyu wa mwisho. Nilimwacha akinyonya. Nilipomchukua alilia, akakimbilia mke mwenzangu, yule mke mwingine wa babu yako, akamwita mama. Mahindi ilimponya. Na mpaka ameoa, hajawahi kuniletea kilio chake. Hiyo sikurudishiwa." Yule mtoto wa mwisho, mwanangu, ndiye baba yangu, aliyetikisa kichwa kila nilipochelewa mtoni.

Mjukuu wangu aliweka simu chini. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake, shavu limebanwa. Hakuniambia ataenda au hataenda, na sikumwuliza. Ni mtu mzima.

Hili ndilo ninalotaka ulishike, wewe mjukuu wangu na wewe unayenisikiliza ambaye sikujui. Moyo usiotulia si ugonjwa, na si dhambi, pasta akinisikia na anisikie. Waliokuwa nao walishona mahema na kuzika wafu na kurudi na mbegu. Lakini usitoke kwa sababu umechoka tu. Uchovu utaubeba, utaufungua huko kwenye sanduku pamoja na nguo. Jiulize unatafuta nini, na jibu likija, liseme kwa sauti mbele ya wale linaowahusu, kabla kisu hakijaingia. Usipitie mgongoni kwa mtu mwema kama Kyalo ili ufike unakokwenda. Usimfiche aliyekupa jina, hata akiwa na sifa mbaya, maana mabaya yake yakisemwa wazi yanaweza kukuokoa. Wala usijisingizie jina. Jina halina miguu. Miguu ni yako. Na kabla ya kuvuka kizingiti, hesabu ni nani atakayelipa nauli ya safari yako, kwa sababu mara nyingi hulipwa na mtu asiyejua kuongea bado.

Ukisharidhika na hayo, nenda, au kaa. Yote ni sawa kwangu.

Njoo nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki. Mungu akupe unachokitafuta, na kama hukijui, akuonyeshe mapema. Akulinde na ajenti mwongo na tajiri mwenye mkono mzito. Miguu yako isiote malengelenge, mkono wako usirudi mtupu. Na siku utakaposimama tena mlangoni, aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba hiyo akutangulie kukuita mama.